Nilisema Hapakuwa na Mbwa

Wewe ambaye gazeti la Jumamosi iliyopita ulilikuta limeshafungiwa mahamri, njoo karibu nikupe kwa ufupi. Mliolisoma mnisamehe, au mtangulie kuangalia matokeo ya mpira kisha mrudi.

Mimi ni Obeid wa Kisauni. Kidato cha nne nimemaliza, cheti ninacho, kazi sina. Ukarani wa bandarini ulinitapika kwa sababu ya mzaha niliomfanyia mkubwa wangu, na aibu hiyo nilishaisimulia. Nikarudi kwa Shangazi Kuluthum, aliyenilea tangu nina miaka sita, nikawa nala wali wake na kumlipa kwa kumchekesha.

Shangazi ana vitu vitatu duniani: binti yake Nadhira, pumu yake, na zulia la Kiajemi aliloachiwa na marehemu mumewe. Zulia jekundu, kubwa kama ukumbi wenyewe. Nusu ya watu wa mtaa wetu wameozeshwa juu yake, maana kila nyumba yenye nikaha huja kuliazima. Lakini kila lilipopigwa ufito kutolewa vumbi, Shangazi alikuwa akikohoa siku tatu.

Akataka mashine. Na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, nikatumwa kuchagua.

Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa dukani Salim Road, mpya, ya kusukuma kwa mkono, ina brashi tumboni na kijisanduku cha kukusanyia vumbi. Haili stima, hainywi maji. Ya pili ilikuwa Nyali kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga masanduku kabla Uhuru haujapiga hodi. Hiyo ni ya stima: brashi tatu zinazozunguka, tangi la maji ya sabuni begani, na mlio kama ndege inayoruka Port Reitz.

Iliyotufaa ni ya kwanza. Nilijua. Lakini ya kwanza ingeweza kuendeshwa na mtu yeyote, na ya pili ingeendeshwa na mimi.

Sebuleni kwa yule Mzungu palikuwa na mbwa. Jitu zima, rangi ya mchanga, jina lake Simba, limejilaza juu ya zulia. Mashine ikipita anaipisha, ikishapita anarudi pale pale. Brashi zote tatu zilikuwa zimevaa nywele zake.

"Huyu mbwa napenda hii kitu sana," aliniambia Nicanor, mpishi wa nyumba ile, mtu wa bara. "Ikizimwa tu, yeye nakuja kulamba sabuni kwa brashi. Lakini ndugu yangu, wewe si Mwislamu?"

"Mwislamu aliye likizoni," nikamjibu, nikamkonyeza.

Tukacheka sote wawili. Na aliyetusikia juu hakucheka.

Nilipofika nyumbani na mashine juu ya mkokoteni, Shangazi aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza bei, hakuuliza yaendeshwaje.

"Nyumba ile ina mbwa?"

"Hapakuwa na mbwa, Shangazi. Paka tu."

Yule paka nilimtia mwenyewe, ili uongo upate mkia.

Hapo ndipo tulipoachana. Ya wiki hii hayachekeshi, ingawa nitajaribu.

*

Kwanza niseme kweli moja, kwa kuwa ni chache: mashine ilifanya kazi.

Alhamisi ya kwanza majirani walijaa mpaka barazani. Nikavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, nikatia maji na sabuni, nikawasha. Watoto wakapiga mayowe. Zulia likatoa maua ambayo Shangazi alikuwa hajayaona tangu alipokuwa bibi harusi. Mtaa mzima ukaanza kuniita Bwana Mashine, nami nikaitika.

Nywele za mbwa nilikuwa nimezichomoa mapema kwa uma wa kulia pilau. Uma nikautupa. Shangazi anautafuta mpaka leo.

Wiki ya pili kikohozi kilikatika. Wiki ya tatu Shangazi alipanda ngazi za ghorofani bila kusimama katikati. Na kila baada ya swala, akiwa bado ameketi juu ya zulia lile lile, alikuwa akiinua mikono na kusema kwa sauti ya kusikika:

"Ya Rabbi, Obeid amenirudishia pumzi. Mpe kazi ya halali. Mpe mke mwema. Mpe akili."

Nilikuwa nikisikia kutoka uani. Kwa sababu mimi, wasomaji wangu, nilikuwa naswali uani. Juu ya jamvi kuukuu, karibu na kuku.

Nadhira akaliona.

"We Obeid, mbona ukumbini huswali siku hizi?"

"Joto."

"Joto? Na huku juani wafanya nini?"

"Nazoea. Huenda nikaishia pabaya zaidi."

Akacheka, akaenda zake. Yeye hucheka kila nisemapo neno, masikini. Amenizoea hivyo.

Jumanne hii Shangazi akatuita. Alikuwa amevaa leso mpya, uso unang'aa kama mtu aliyepokea barua njema.

"Nimekata shauri," akasema. "Ijumaa Nadhira ataozwa juu ya zulia hili, msikitini. Nalo halitarudi. Nalitia wakfu, thawabu zimwendee marehemu. Miaka yote nilikuwa nikiona haya kulitoa kwa vile lilivyokula vumbi. Sasa, kwa baraka ya mashine ya Obeid, limekuwa la kumpa Mungu."

Nadhira akambusu mkono. Mimi nikaketi pembeni, nje ya zulia.

Fikiria nawe. Zulia lililosuguliwa kwa brashi aliyoilamba mbwa, likiwa limetandikwa msikitini. Mtaa mzima, safu kwa safu, mapaji ya nyuso yakishuka juu yake mara tano kwa siku. Na wa kwanza kuketi hapo ni Mzee Hamdun, baba wa bwana harusi.

Mzee Hamdun inafaa umjue. Ni mfanyabiashara wa karafuu, na ukoo wake ni ukoo wa usafi. Unywele ukionekana kwenye pilau, yeye hataki kuondolewa unywele, ataka aambiwe ni wa nani. Posa ya mwanawe mkubwa aliivunja siku kumi kabla ya harusi kwa kuwa aliambiwa kisima cha wakwe kiko karibu na choo. Bibi harusi yule mpaka leo hajaolewa.

Sasa zamu ilikuwa ya Nadhira wetu.

*

Jumatano asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Maalim Jamaludin, aliyenisomesha Kurani na ambaye ndiye atakayeozesha.

"Maalim, nina rafiki yangu."

"Mrefu? Mwembamba? Alifukuzwa bandarini?"

"Huyu ni mwingine."

"Haya. Huyo mwingine ana nini?"

"Ana kitambaa. Kimeguswa na kitu ambacho kiliguswa na mbwa."

Maalim akakuna ndevu. "Kikubwa kitambaa hicho?"

"Kidogo tu."

"Kilipoguswa kilikuwa kikavu, au kibichi?"

"Kwani kuna tofauti, Maalim?"

"Iko! Kikavu kwa kikavu hakitii najisi. Kama ni hivyo, rafiki yako akikung'ute, ajiendee zake."

Nikamkamata mkono, nikaubusu mbele na nyuma. Nikatoka nikipiga mluzi. Wallahi niliwaona hata mbuzi wa Kisauni wamependeza. Nikafika pale kwa muuza mbaazi, nikaagiza, nikatia tonge la kwanza mdomoni.

Tangi.

Lile tangi la maji ya sabuni begani. Lile tangi ndilo nililoichagulia mashine!

Ile ya Salim Road ilikuwa kavu. Kavu kama mkate wa juzi. Hata kama ingetoka ndani ya banda la mbwa, leo ningekung'uta zulia na kulala. Kati ya mashine mbili za dunia, mimi msomi nilikwenda kuchagua yenye maji.

Mbaazi nikaziacha. Nikarudi.

"Rafiki yako amesahau kitu?" akauliza Maalim, hata kabla sijavua viatu.

"Palikuwa na maji, Maalim. Na mbwa alilamba."

Akafunga kitabu alichokuwa akisoma.

"Mara saba. Na moja katika hizo, maji yawe na udongo. Hili nilikufundisha mwenyewe chuoni, Obeid. Siku ile ulikuwa ukicheka."

"Na waliokwisha kuswali juu yake?"

"Kitambaa kidogo, na watu wameswali juu yake?"

Nikainamia viatu vyangu.

"Asiyejua hana dhambi," akasema polepole. "Aje, tutazungumza habari ya swala zake."

"Na aliyejua akanyamaza?"

Aliniangalia. Macho ya Maalim yana ukungu, lakini siku ile yaliniona vizuri.

"Huyo mwambie asije kwangu kwanza. Aende kwa yule aliyemnyamazia."

Nikaenda. Wallahi nilikwenda nikiwa na neno tayari mdomoni. Nikaingia ukumbini nikamkuta Shangazi ameketi katikati ya zulia, Nadhira amesimama mbele yake akijaribu nguo ya harusi. Nguo ilikuwa imegoma mgongoni.

"Vuta pumzi ndani, mwanangu!"

"Nimeshavuta, mama! Sasa nivute wapi tena?"

Na Shangazi akacheka. Akacheka mpaka akaegemea mkono, machozi yakamtoka, akacheka tena. Hakukohoa. Hata mara moja. Miaka yote niliyoishi naye, sijapata kumsikia akicheka mpaka mwisho wa kicheko.

"Labda wataka kusema kitu, Obeid?" akaniuliza, akifuta macho.

"Nilitaka kujua kama chakula kiko."

Nikaona: nitaliosha. Mara saba, kimya kimya, leo hii. Likitakata, uongo nao utakuwa umetakata. Hiyo ndiyo akili niliyoombewa kila swala.

*

Zulia lile haliinuliwi na mtu mmoja. Nikaenda njia ya Bamburi kumtafuta Sidi.

Sidi ni mama wa Kigiriama, mabega yake ni ya mwanamume wa bandarini. Miaka tisa ndiye aliyelipiga zulia la Shangazi kwa ufito. Tangu mashine kuja hakuitwa tena, na hakuna aliyemwendea kumwambia kwa nini. Kazi ya kumwambia ilikuwa yangu. Nilikuwa nashughulika na miwani ya jua.

Nikamkuta akipepeta mahindi.

"Bwana Mashine! Karibu. Mashine imekufa?"

"Haijafa, dada Sidi."

"Yaumwa?"

"Haiumwi. Nataka mkono wako."

"Huu? Huu haukutiwa stima."

"Dada Sidi, nilikukosea. Nilipaswa kuja..."

"Radhi utaniomba ukiwa umekaa," akasema, akajipangusa makapi. "Umekuja mbio. Sema kazi."

Tukalikokota zulia mpaka uani, tukalitandaza juu ya ukuta mfupi karibu na kisima. Nikamwambia: twalimwagia lote, juu na chini, tunaacha litone, hiyo ni moja. Twafanya hivyo mara saba. Sidi si Mwislamu, saba kwake ni hesabu kama hesabu nyingine. Akaokota vijiwe, akasema kila mara moja ataweka kijiwe kimoja juu ya mdomo wa kisima, asije akapunjwa wala akapunja.

Shangazi akatokea barazani na tasbihi yake mkononi.

"Vipi tena? Si lilikwisha kutakata?"

"Kitabu cha mashine, Shangazi. Chasema baada ya wiki tatu sabuni itolewe kwa maji mengi, la sivyo yala nyuzi."

"Kitabu chasema?"

"Kwa Kiingereza."

"Haya," akasema. Akaketi kutuangalia, akaendelea kuvuta tasbihi.

Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mikono yangu ya ukarani ikaanza kuchubuka kwa kamba. Mara ya tatu. Maji yaliyokuwa yakitoka chini yalikuwa meupe kama ya kunywa.

"Limetakata, Obeid," akasema Shangazi.

"Bado kidogo."

Mara ya nne.

Ule udongo nilikuwa nikiuogopa, nikiuahirisha. Ya tano nikaona haina budi. Nikachota mchanga safi penye mgomba, nikautia kwenye ndoo, nikamnong'oneza Sidi aukoroge.

Sidi hajui kunong'ona.

"Udongo?" akapaza sauti. "Miaka tisa naupiga utoke, leo mwanitaka niutie?"

Barazani tasbihi ikanyamaza.

"Obeid."

"Labeka, Shangazi."

"Udongo nao umo kitabuni?"

"Umo, Shangazi. Kidogo tu."

"Na yote pamoja, chasema mara ngapi?"

Ningesema tano. Ningesema tisa, au kumi na moja. Ulimi wangu, ambao ulimtengeneza paka mzima bila kuombwa, ulikwama hapo hapo.

"Saba."

Maji yalikuwa yakitona kutoka zuliani, nami niliyasikia moja moja.

"Kitabu hicho," akauliza Shangazi, taratibu sana, "Mzungu aliyekiandika ni wa madhehebu gani?"

Nimekuwa mcheshi tangu nikiwa na meno ya utoto. Nimewachekesha walimu, mapolisi na watu walio msibani. Siku ile nilitafuta neno la mzaha, hata moja, sikulipata.

"Njoo," akasema.

Nikaenda, nikaketi chini kwenye sakafu, miguuni pake.

"Wiki tatu nimesujudu pale."

"Naam, Shangazi."

"Nikikuombea wewe."

"Naam. Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa ukisikia," akasema.

Basi. Nilitamani anipige. Pumzi za kunipigia alikuwa nazo sasa, tena aliyemletea ni mimi. Lakini aliketi tu, akiangalia vijiwe vya Sidi vilivyopangwa pale kisimani.

"Na paka naye?"

"Hapakuwa na paka."

"Hata paka," akasema Shangazi. Na hilo, wasomaji wangu, ndilo lililomuuma. Nililiona likimwingia.

Kisha akavuta leso akajifunga vizuri.

"Simama umalize. Likiisha saba, mimi na wewe twende kwa Maalim. Wewe ndiye utakayesema. Mimi nitakaa kando nikusikie."

"Inshallah, Shangazi."

"Usimtie Mungu hapo. Sema ndiyo."

"Ndiyo."

Mtu aweza kujihisi mwepesi kwa neno moja. Nilirudi kisimani nikiwa mwepesi. Nikavuta ndoo kama mchukuzi wa bandarini, tukamaliza ya udongo, tukaingia ya sita, na Sidi akaanza hata kuimba. Nikasema moyoni: moja imebaki. Moja, kisha kwa Maalim, kisha nitapigwa na kila mtu kwa haki, na Nadhira ataolewa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ya Mzee Hamdun.

*

Aliingia uani na kanzu inayoumiza macho kwa weupe, fimbo mkononi, na nyuma yake wachukuzi wawili wenye mkokoteni.

"Shikamoo, Mzee Hamdun," nikasema.

"Marahaba. Bi Kuluthum, salaam aleikum. Nisamehe kuja bila taarifa. Kesho usiku tuna maulidi msikitini, wageni watoka Lamu. Nikasema, kwa nini zulia lingoje Ijumaa? Nimekuja kulichukua le..."

Akaliona linavyotona.

"Li maji! Bi Kuluthum, li maji chapachapa! Limepatwa na nini?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimesema ndiyo, na ndiyo yangu ilikuwa bado ina joto. Lakini Shangazi alinitangulia.

"Nimelimwagia mchuzi," akasema. "Mikono ya uzee, Mzee Hamdun. Obeid ananisaidia kulitoa."

Nataka mwelewe. Shangazi Kuluthum hasemi uongo. Siku moja mgeni alipiga hodi naye hataki kuonana na mtu, nikamwambia nitasema hayupo, akanikataza, akatoka mwenyewe kumwambia mgeni, "Niko, lakini leo sitaki maneno." Mwanamke huyo ndiye aliyesimama barazani mbele ya mkwe wake akasema mchuzi. Akajifunika nusu ya uso kwa leso, na nusu iliyobaki ikaangalia chini.

Alinisitiri. Alimsitiri Nadhira. Na aliyemfikisha pale ni mimi.

"Ah, mchuzi si neno," akasema Mzee Hamdun, uso umefunguka. "Naona limeshatakata. Nyanyueni, vijana. Litakaukia juu ya ukuta wa msikiti, jua la kule ni zuri."

Wachukuzi wakasogea. Mmoja akashika pembe.

"Hebu ngojeni, baba," akasema Sidi.

Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amesimama kisimani, ndoo mkononi, na kijiwe kipya amekiweka sasa hivi.

"Hii ni ya sita. Bado moja. Bwana Mashine kaniambia saba, na mimi sipunji mtu."

Laiti ningepata kuwa kijiwe.

Mzee Hamdun akageuka taratibu. Akaviangalia vijiwe, akavihesabu kwa ncha ya fimbo, kimoja kimoja. Kisha fimbo ikaenda kwenye ile ndoo nyingine, yenye tope chini. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba.

"Saba," akasema. "Na udongo."

Akamtazama Shangazi.

"Mchuzi gani huu, Bi Kuluthum, unaooshwa mara saba?"

Nilimsikia akivuta pumzi, na ndani ya pumzi ile nikasikia kitu nilichokuwa sijakisikia tangu kikohozi kikatike: mluzi mwembamba, kama mlango unaofunguliwa kwa mbali.

Dirishani juu, Nadhira alikuwa amesimama na ile nguo ya harusi, mgongo bado haujafungwa. Mkono wake uko mdomoni. Hakuwa akicheka.

"Kijana," akasema Mzee Hamdun. Sasa ilikuwa zamu yangu. "Ile mashine yako wanayoisifu watu, nasikia ilitoka kwa Mzungu."

"Naam."

"Wa Nyali."

"Naam."

"Nyumba ile ina mbwa?"

Swali lile lile. Maneno yale yale manne, kama kwamba wiki tatu hazikupita.

Nikisema ndiyo, nitakuwa nimemwambia mkwe kwamba Bi Kuluthum, mwanamke asiyesema uongo, amemdanganya usoni sasa hivi, mbele ya wachukuzi. Na mtu aliyevunja posa kwa ajili ya kisima atafanya nini?

Nikisema hapana, wachukuzi watanyanyua. Zulia litakwenda na sita zake. Kesho wageni wa Lamu wataweka mapaji yao hapo, na Ijumaa Nadhira ataozwa juu yake.

Nikamtazama Shangazi anionyeshe njia. Ameteremsha leso, uso wote uko wazi, macho yake yananiangalia moja kwa moja. Mkono mmoja kifuani. Ametikisa kichwa kidogo, kama mtu akubaliye, na mpaka leo hii niandikapo sijui kama alikuwa akiniambia sema, au ni pumu tu iliyokuwa ikimtikisa.

"Nakuuliza, kijana. Palikuwa na mbwa?"

Nikajibu, na jibu hilo mtalipata Jumamosi ijayo.

Na Sidi, aliyekuwa ameshainua ndoo ya saba mpaka kifuani, akaiweka chini polepole.